Shukrani kwa mama wa ndoo ya samaki

Shikamoo mama, popote ulipo. Wewe uliyepanda na ndoo ya samaki daladala ya Mbagala Rangi Tatu, jioni ile ya mvua.

Nina miaka 24. Kwa macho ya watu mimi ni mzima, ndiyo maana konda alicheka nilipoomba kiti. Ugonjwa wangu, fibromialgia, hauvimbishi mguu wala hauonekani kwenye eksirei. Vipimo vya damu vinarudi safi, huku mwili mzima unauma kama uliotwangwa kinuni, na asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Niliitwa mvivu miaka miwili kabla daktari hajaupa ugonjwa jina.

Wewe hukuuliza naumwa nini. Ulisema tu, "Kaa mwanangu, mimi nimezoea kusimama," ukanipakatisha ile ndoo. (Ilinuka, nisiseme uongo.) Tuliposhuka ukanishika mkono hadi kwenye bajaji, ukamwambia dereva apite taratibu kwenye mashimo.

Hata jina sikukuuliza. Asante sana, mama. Sketi niliifua mara tatu, na usiku ule nililala.