Risala ya Wakulima kwa Mgeni Rasmi: Amana ya Maili Kumi

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, wazee wa kaya, maimamu na wachungaji, walimu, mama zetu na vijana, asalaam aleikum na bwana asifiwe.

Leo tunapanda minazi, nawe umekubali kuushika mche wa kwanza. Tunashukuru. Lakini mnazi huzaa baada ya miaka sita au saba, na sisi tulio mbele yako hatuna hakika kama siku ya kuangua tutakuwa hapa. Wengi wetu ni maskwota. Mnazi ni wetu, ardhi si yetu. Kwa hiyo mwaka huu bei ya nazi tumeiweka kando. Tunataka kuzungumza nawe habari ya mwaka 1963.

Ukanda huu wa maili kumi, kutoka Vanga hadi Kipini, Uingereza aliuchukua kwa Sultani wa Zanzibar kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, autawale kwa niaba yake na kumlipa kila mwaka. Mwaka 1908 akaleta sheria ya hati: mwenye dai la ardhi alipeleke, na isiyodaiwa iwe ya Serikali ya Mfalme. Waliojua njia ya ofisini walipata karatasi. Wamijikenda wengi, waliolima kwa mila, hawakuandikwa popote. Mwaka 1914 Wagiriama wakafukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Mto Sabaki kwa bunduki.

Uingereza huyo ndiye aliyekuwa akifunga mizigo mwaka 1963. Mwaka 1945 alikuwa ametia sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao kifungu chake cha 73 kinasema kwamba maslahi ya wenyeji wa nchi inayotawaliwa ndiyo ya kwanza, na kwamba wajibu wa kukuza ustawi wao ni amana takatifu. Sisi watu wa Pwani tunajua maana ya amana. Huirudishi kwa kuiacha mlangoni.

Alifanya nini? Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kusikiliza watu, akapendekeza Mwambao, yaani ukanda huu, uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963, huko London, Mzee Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakaandikiana barua: uhuru wa dini ulindwe, mahakama za kadhi zibaki, Kiarabu kifundishwe, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa ziheshimiwe. Tarehe 8 mkataba wa kuunganisha ukanda na Kenya ukatiwa sahihi.

Mheshimiwa, tunaomba uyapime maneno hayo, "zilizokwisha kusajiliwa". Aliyekuwa na hati alilindwa, na hatumwonei wivu. Wengine ni jirani zetu na wakwe zetu. Lakini aliyenyimwa hati na sheria ya 1908 hakutajwa. Uingereza ndiye aliyeitunga sheria ile, na yeye ndiye aliyepaswa kuirekebisha kabla ya kushusha bendera. Kosa lake akawaachia wengine warithi.

Na ahadi yenyewe ilikaa juu ya miguu miwili. Kenya ilijitawala tarehe 12 Desemba. Mwezi mmoja kamili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Shamte ilipinduliwa. Aliyeahidiwa hakuwapo tena wa kudai, na aliyekuwa mwangalizi alikwisha kuondoka. Mahakama za kadhi zimedumu kwa sababu ziliingizwa katika Katiba, na hadi leo zimo katika kifungu cha 170. Mlimaji asiye na hati hakuwekewa kifungu.

Maombi yetu ni haya. Tume ya Taifa ya Ardhi ina mamlaka ya kuchunguza dhuluma za ardhi za kale. Tunaomba utushike mkono tuyafikishe madai yetu huko, wazee wetu wasikilizwe wangali hai, maana wao ndio wanaojua kila mwembe ulipandwa na nani. Tunaomba pia barua za 1963 ziwekwe katika maktaba za shule zetu, kwa Kiswahili. Na suala la fidia kutoka Uingereza, tunaomba ulipeleke Bungeni.

Mche wako uko tayari, mheshimiwa. Shimo limechimbwa na mama mwenye miaka zaidi ya sabini, aliyezaliwa hapa hapa na asiye na hati mpaka leo. Ameomba akukabidhi yeye mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.