Mwanangu, fungua dirisha kwanza

Mwanangu mpenzi,

Salamu tulipeana kwenye simu juzi, sizirudii. Naandika kwa sababu simuni unaniitikia "sawa mama, sawa mama" kabla sijamaliza kusema, na hili nataka likae kwenye karatasi ulisome mara mbili.

Dada yako ndiye aliyenieleza. Mimi uliniambia una mafua. Yeye kaniambia ulirudishwa mlangoni mwa wodi kwa sababu sare imegeuka manjano, ukaenda kutafuta jiki, ukaona haitoshi, ukaongeza na dawa ya kusafishia choo kwenye beseni lile lile. Usiku, bafuni, mlango umefunga ili wenzako wasijue unafua saa hizo. Macho yakakuchonyota, kifua kikabana, ukakohoa hadi alfajiri. Alinisimulia huku anacheka, maana na wewe ulimsimulia huku unacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani mpaka kukapambazuka.

Dirisha la bafu hilo linafunguka? Hilo nijibu kwanza, mengine yatafuata.

Jiki mimi naita kila dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, liwe kopo la jina lolote. Geuza kopo, soma nyuma: ukikuta hipokloriti ya sodiamu, ndiyo hiyo. Dawa za choo nyingi ni asidi. Vitu hivyo viwili vikikutana, gesi ya klorini inatoka hapo hapo, haisubiri. Usiku ule nilimwamsha dada yako anisomee kitabu chako cha kemia, kile ulichokiacha sandukuni. Akasoma kwamba mkemia Scheele ndiye aliyeitoa klorini kwa mara ya kwanza mwaka 1774, na Mfaransa Berthollet akaonyesha mwaka 1785 kuwa inaondoa rangi kwenye vitambaa. Kabla ya hapo watu wa Ulaya walikuwa wanatandaza vitambaa vya kitani majanini, jua livipige miezi na miezi ndipo viwe vyeupe. Hapo nilifurahi kusikiliza, kazi yangu imeandikwa kitabuni. Akaendelea mbele akafika tarehe 22 Aprili 1915, Ypres huko Ubelgiji, Wajerumani wanafungulia mitungi ya klorini na upepo unaipeleka kwenye mahandaki ya maadui zao. Nikamwambia afunge kitabu. Kitu kilichoua askari nje, kwenye uwanja mpana, wewe umekitengeneza bafuni na mlango umeufunga. Sisemi kiasi ni kimoja. Nasema ni kitu kile kile.

Na mwenye kitabu ni wewe. Pembeni mwa ukurasa kuna mwandiko wako, umepigia mstari neno "sumu" mara mbili. Umefaulu mtihani kwa ukurasa huo, kisha umeingia bafuni kana kwamba hujawahi kuufungua.

Ila najua ulikoitoa fikra hiyo ya kuongeza kitu kikali. Aliyekuonyesha kutia siki kwenye maji ya mwisho ni mimi. Siki ina kazi yake: maji magumu, haya tunayoyaita ya chumvi, yakikutana na sabuni huacha utando, na utando huo ukilundikana ndio unaozifubaza nguo nyeupe zikawa kama za majivu. Siki kidogo huuyeyusha. Nilikuonyesha mkono wangu unafanya nini, sikukuambia haufanyi nini. Kwangu mimi siku ya siki haijawahi kuwa siku ya jiki, nikadhani umeona. Mtoto wa miaka tisa ataonaje kitu ambacho hakifanyiki?

Basi nakuambia leo. Jiki na maji tu. Si siki, si ndimu, si dawa ya choo, si dawa ya vioo yenye amonia, si spiriti unazozishika huko kazini. Hata sabuni ya maji usiimimine juu yake kama hujasoma kilichomo. Jiki na maji, dirisha wazi, mlango wazi, na wenzako wakikuona unafua usiku waache wakuone. Aibu ya kufua imeanza lini kwako? Miaka 19 nimefua nguo za watu, na ada yako ya muhula wa kwanza imetoka kwenye povu.

Na mkojo pia, hili ulishike kwa kuwa wewe ni wa wodini. Shuka yenye mkojo uliolala ina amonia ndani yake. Ukiimwagia jiki kabla hujaisuuza, unatoka moshi mwingine unaochoma koo vile vile. Suuza kwanza kwa maji mengi, fua kwa sabuni, suuza tena, jiki ije mwisho kama inahitajika. Mimi nepi za dada yako nilikuwa naziloweka usiku kucha kwenye ndoo yenye kifuniko, asubuhi nazimwagia jiki papo hapo, wewe umesimama mlangoni unasubiri nikufunge vifungo. Kile kikohozi chako cha usiku nilikuwa nasema ni baridi. Tuyaache hayo.

Sasa sare. Nitakueleza kama ninavyomweleza msichana anayenisaidia siku hizi, ambaye ana mikono mizuri kuliko yako lakini hana subira.

Manjano ya kwapani, ambayo nina hakika ndiyo iliyokurudisha mlangoni, haitoki kwa jiki. Jiki inaizidisha. Ile ni jasho lililochanganyika na chumvi za alumini zilizomo kwenye dawa ya kuzuia jasho. Koroga baking soda na maji iwe uji mzito, paka upande wa ndani wa kwapa, acha nusu saa au zaidi, sugua kwa brashi laini, fua. Mara ya kwanza haitatoka yote. Rudia wiki ijayo. Na asubuhi acha dawa ikauke mwilini kabla hujavaa shati, una haraka gani? Amka mapema.

Tena soma kilebo cha ndani ya kola. Sare nyingi si pamba tupu, zimechanganywa na poliesta, na soksi zina nyuzi za kuvutika. Jiki inazila nyuzi hizo za kuvutika na kuzigeuza manjano, ndiyo maana soksi zako zimelegea. Sufu na hariri ndiyo kabisa, usizionyeshe hata kopo. Pamba inavumilia, ila nayo ukiiloweka usiku kucha inaoza nyuzi. Utainyoosha kwa pasi siku moja, kidole kitatokeza upande wa pili. Kipimo ni cha kwenye kopo, si cha jicho. Maji yawe baridi, maana ya moto yanaiharibu dawa kabla haijafanya kazi. Itie kwenye maji kwanza, koroga, ndipo nguo iingie, isije ikapata matone makali sehemu moja. Dakika zinazotajwa kwenye kopo zikiisha, toa. Na usitumie maji yenye kutu, jiki inaigandisha kutu kwenye kitambaa na haitoki tena.

Damu nayo ni maji baridi, mara moja, kabla haijakauka. Usithubutu maji ya moto, damu inaiva kwenye uzi kama ute wa yai unavyoiva sufuriani, ukishaiva umekwisha. Ikikataa, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, tone kwa tone, itatoa povu, suuza, rudia. Peke yake. Kopo la jiki liwe limefungwa na liko mbali.

Ukitaka kuachana na jiki moja kwa moja, na mimi ningefurahi, kuna zile dawa za unga za oksijeni. Soma nyuma: pakaboneti ya sodiamu. Hiyo ikiingia kwenye maji ya moto inatoa oksijeni, haili rangi kama klorini, na unaweza kuloweka saa kadhaa. Nayo usiichanganye na jiki. Uliwahi kuniambia kazi ni moja ya kung'arisha, kwa nini visisaidiane? Havisaidiani.

Kola usiifue pamoja na shati zima. Ilowanishe, ipake sabuni ya kipande mpaka ishike, ikunje ndani kwa ndani, iache nusu saa huku ukifanya mengine. Ukiifungua utaona ule mstari mweusi umepanda juu ya sabuni wenyewe. Hapo sugua kwa kitambaa chenyewe, uzi kwa uzi, sehemu ya kola juu ya sehemu ya kola, kwa vifundo vya vidole. Brashi ngumu inachana nyuzi, na nyuzi zilizochanika zinashika uchafu haraka zaidi. Sehemu hii mimi siiharakishi. Mtu anayekuja mbele yako anaangalia uso wako, halafu kola.

Kusuuza ndiko unakokosea wewe, na ulikosea tangu nyumbani. Maji mawili hayatoshi. Suuza mpaka maji yabaki kama yalivyotoka bombani, ukiyapiga kwa kiganja yasitoe povu. Sabuni inayobaki ikipigwa na jua au pasi inageuka manjano, halafu wewe unakimbilia jiki kutibu sabuni yako mwenyewe! Ndiyo hapo ugonjwa wote ulipoanzia.

Bluu tia ukitaka, kidogo tu. Ifunge kwenye kitambaa, ichovye kwenye maji ya mwisho mpaka yawe na rangi ya mbingu ya asubuhi, koroga, shati liingie na kutoka. Haiondoi uchafu, inalidanganya jicho lisione manjano. Na sabuni za unga nyingi zina dawa inayofanya kazi kama hiyo, inameza mwanga wa jua usioonekana na kuutoa kama mwanga wa bluu, ndiyo maana shati jipya linametameta kwenye zile taa za ukumbini. Anika nje, si chumbani, geuza ndani nje, anua likishakauka.

Siku ukikosea tena, na Mungu apishe mbali, ukisikia harufu inakukata pua, toka. Usirudi kuokoa shati. Usimwage, usikoroge, usiongeze maji, toka upate hewa, waambie wenzako wasiingie. Macho yakiwaka yasafishe kwa maji mengi yanayotiririka robo saa nzima. Kifua kikibana, nenda ukatibiwe na useme ukweli umevuta nini. Uko ndani ya hospitali mchana kutwa, usiniambie ulikosa wa kumwambia.

Aliyekurudisha mlangoni simlaumu, alitimiza kazi yake, ila angekuuliza kwanza kama una sare ya pili. Nilijua moja haitoshi. Nilisema utaifua usiku uivae asubuhi, nikajipa moyo hivyo, nguo ya pili nikaiweka mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa mwingine. Nimeshona ya pili sasa. Pamba tupu, kola nimeiwekea kitambaa mara mbili. Itakuja na mizigo ya binamu yako akija upande huo.

Picha uliyotuma ukiwa umesimama na wenzako kwenye ngazi nimeibandika ukutani. Manjano haionekani. Baba yako anasema wewe ndiye mrefu kuliko wote, nami nasema ndiye aliyenyooka.

Mambo mengine: kamba ya kuanikia ilikatika Jumamosi na shuka nane za mteja zikalala matopeni, nimezifua upya mpaka usiku. Baba yako amefunga waya mpya lakini ameuweka chini mno, shuka zinaburura, na akiambiwa ananuna. Beseni kubwa limepata ufa ukingoni, bado linashika maji nusu. Dada yako anataka kuchukua sanduku lako, nimemkatalia. Goti langu la kushoto linauma nikichuchumaa, sasa nafulia juu ya meza, na kumbe ningeanza hivyo zamani.

Kopo la jiki lililobaki kwangu nimelitoa bafuni, nimelipeleka stoo ya nje, rafu ya juu, peke yake. La kwako liko wapi? Lisikae karibu na dawa ya choo, mtu mwenye usingizi hashiki kopo kwa kusoma. Na kwenye chupa ya maji usilihamishie hata siku moja.

Kikohozi kimeisha, au unakificha? Nitajua kwa sauti, usijisumbue kujikaza. Jumapili nipigie ukiwa bafuni, uniache nisikie dirisha likifunguka.

Mimi mama yako.