Hesabu za chuo si siri ya maungamo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyesema vyuo vya theolojia visitwishwe mambo ya bodi, kamati na ukaguzi wa hesabu, kwa sababu chuo cha Mungu huongozwa kwa maombi. Naomba nafasi nimjibu. Nimefundisha Historia ya Kanisa hadi kustaafu, na kwa miaka sita niliketi kwenye bodi ya chuo nikiwawakilisha walimu wenzangu. Maombi hayakupungua hata kikao kimoja.

Kilichopungua ni taarifa ya fedha. Kwa miaka yote sita ililetwa mezani mara moja tu, karatasi moja iliyoandikwa upande mmoja. Tuligawiwa baada ya chakula cha mchana, mwenyekiti akiwa ameshaanza kutazama saa. Ikasomwa mbiombio, kisha mkuu wa chuo akapita kiti kwa kiti akikusanya nakala zote, zisije zikazagaa. Asubuhi ya siku hiyohiyo tulikuwa tumejadili mwanafunzi mmoja aliyependekezwa kufukuzwa. Mlezi wa kiroho akaulizwa mbele yetu sote kijana yule alimweleza nini walipokuwa faraghani. Akasita, akatutazama, akasema. Tukapiga kura, kijana akafukuzwa kwa kura zote, yangu ikiwemo. Tuliondoka pale tunazijua dhambi za mwanafunzi wa mwaka wa pili, ila ada za wenzake zimekwenda wapi hakuna aliyejua.

Huo ndio ugonjwa ninaotaka tuuzungumze. Kinachopaswa kufichwa tunakianika kikaoni, na kinachopaswa kuanikwa tunakifunika kwa vazi la utakatifu.

Nami nilikuwa na sababu ya kujua zaidi, maana kila mwaka nilifundisha Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1563 mtaguso ule uliagiza majimbo yawe na seminari, na sisi Waprotestanti tukifika hapo huwa tunafunga daftari. Amri yenyewe haiishii hapo. Inamtaka askofu aiendeshe seminari akiwa na washauri, na kila mwaka apokee hesabu za mapato yake mbele ya wajumbe wawili wa baraza la kanisa kuu na wawili wa mapadre wa mji. Askofu wa karne ya 16, ambaye mara nyingi alikuwa mtoto wa ukoo mkubwa aliyezoea kutii­wa, aliambiwa asilifungue daftari la fedha peke yake!

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 nayo inagawa kazi. Gombera, yaani mkuu wa seminari, ana yake, mtunza fedha ana yake, na lazima awepo mlezi wa kiroho. Unapofika uamuzi wa nani apewe daraja takatifu na nani aondolewe seminarini, sheria inakataza kabisa kumwomba maoni mlezi wa kiroho au waungamishaji. Aliyeaminiwa siri haulizwi. Sisi tunaopenda kusema kwamba kwa Wakatoliki kila kitu ni neno la askofu, hebu kwanza tujiulize kwetu ni neno la nani.

Msomaji wenu huenda akasema hayo ni ya Roma. Basi afungue Wakorintho wa Pili, sura ya 8. Paulo alikuwa na mchango wa watakatifu mkononi, naye ni mtume, lakini hakutaka kuaminiwa kwa utume wake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, akaeleza sababu waziwazi: mambo yaonekane mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Sijui ni mkuu gani wa chuo aliye na upako kumzidi Paulo.

Wala sisemi bodi ni kundi la malaika. Bodi isiyo na mipaka huingia hadi darasani. Katika seminari ya Kilutheri ya Concordia, St. Louis, Marekani, kanisa na walimu waligombana juu ya namna ya kuisoma Biblia. Mkutano mkuu wa kanisa wa mwaka 1973 uliibadili bodi, wingi wa wajumbe ukahamia kwa waliowapinga walimu, na Januari 1974 bodi ikamsimamisha mkuu wa seminari, John Tietjen. Wanafunzi wakagoma kuingia darasani. Februari, walimu 45 kati ya 50 wakaondoka pamoja na wanafunzi walio wengi, wakaanzisha chuo chao kilichojulikana kama Seminex, yaani seminari iliyo uhamishoni. Kila upande uliamini unaitetea Injili, nami siwezi kuwaamulia. Ila tangu niliposoma habari ile nimekuwa nikisema kwamba katiba ya chuo iandike pia bodi isiguse nini, na mwalimu anayetiliwa shaka asikilizwe na nani kabla meza yake haijaondolewa.

Katiba yetu ilikuwepo, nisiseme uongo. Ilikuwa haionekani kwa miaka, ikapatikana siku moja kabla ya kufika wakaguzi wa ithibati, wale wanaopima kama chuo kinastahili kutambuliwa.

Ninachoomba ni kidogo. Wajumbe wapate hesabu zilizokaguliwa wiki mbili kabla ya kikao na wabaki nazo. Mkuu wa chuo awe na kipindi chenye mwisho unaojulikana, na anayemteua asiwe ndiye pia mwenyekiti wa bodi inayompima. Mlezi wa kiroho atoke nje ya chumba nidhamu ya mwanafunzi inapojadiliwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalozuia watu kufunga na kuomba.

Siku ile ya karatasi moja, mkuu alipofika kwenye kiti changu nilimwomba nibaki na nakala yangu nikaisome vizuri nyumbani. Akatabasamu, akaniuliza kwa upole, wenzangu wote wakisikia, "Mwalimu, huniamini?" Nikampa.

Mwalimu mstaafu wa Historia ya Kanisa