Fulana mmevaa, daftari mnalikwepa: barua kwa vijana wa mtaa wetu, Mbagala

Asalaam aleykum wanangu, na nyie msio Waislamu hamjambo. Mjukuu wangu ndo anachapa, mi namtamkia tu, kwa hiyo mkikuta makosa mgombezeni yeye.

Arobaini ya ndugu yetu wa duka la vifaa vya ujenzi imepita juzi. Mlipendeza kweli, fulana nyeupe, picha yake kifuani, mgongoni "Tutakukumbuka Daima", na kuna mmoja alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Mi nimekaa zangu kwenye mkeka karibu na masufuria ya pilau namwangalia huyo anayeshikwa, nikasema moyoni huyu bwana si ndo mwenye nondo 14 za milimita 12 hajalipa tangu mwaka juzi?

Daftari lake la madeni nimeliona. Ndo maana naandika.

Siku ya maziko imamu alisimama akatangaza kama kawaida, anayemdai marehemu aonane na familia, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Wanaomdai walikuja jioni ileile, kaburi bado bichi. Wengi ni wale waliokuwa wanadunduliza kwake, leo unapeleka elfu tano, wiki ijayo elfu kumi, mpaka ifike mifuko ya kutosha uanze msingi. Walikuja na vikaratasi vyenye saini yake na yule kijana wake mkubwa kawapa saruji yao wote, hakuna aliyerudi mikono mitupu. Haya, na wanaodaiwa? Kimya. Mpaka leo sijamwona hata mmoja. Sasa pigeni hesabu wenyewe, mzigo unatoka hela haiingii, mwenye fremu anataka kodi yake, dukani pamebaki misumari ya inchi mbili na brashi za rangi. Mama wa watu yuko eda, miezi 4 na siku 10, amekaa ndani anawasikia mnavyopita njiani mnapaza sauti "pole mama!" Pole mnazo, elfu thelathini yake hamna. Majuzi kijana ananiambia babu kuna watu wanakopesha chapchap nataka nikachukue nijaze duka, nikamwambia mwanangu hiyo ni kausha damu, watakuja kubeba mpaka kitanda cha mama yako.

Yani mmeshasahau yule alikuwa nani. Alianza kwa kuuza misumari anapima na kopo kando ya barabara, jua lake, mvua yake, mpaka akapata fremu. Mabomu yalipolipuka kwenye ghala la jeshi hapa Mbagala, Aprili 29, 2009, tulikimbia kila mtu na njia yake, watoto wakapotezana na wazazi wao, yeye alikimbia na huyuhuyu kijana mgongoni akiwa mdogo na mkewe alimpata usiku wa manane. Kesho yake akafungua duka. Nyumba za watu zimeezuka, yeye anatoa mabati kwa mdomo tu, chukua, utanipa ukipata, na bei hakuigusa. Wengine wenu paa mlilolala chini yake mkiwa watoto lilitoka kwake.

Na ikifika saa kumi na mbili jioni anafunga. Ukija kugonga anakwambia njoo kesho, nakwenda kula na wanangu. Tulikuwa tunamcheka, tunasema huyu hajui kutafuta hela. Jumapili alfajiri anawabeba wote watatu mpaka Feri, kila mtoto anachagua samaki wake, hata kama anachagua kidagaa. Kosa lake mi nalijua moja, alikuwa Simba, na hilo Mungu atamsamehe.

La pili ni hilo daftari, maana kaandika majina ya utani matupu. "Mrefu wa bodaboda." "Jirani wa maandazi." "Shemeji miwani." Jioni mbili nimekaa na kijana tunafumbua kama vitendawili (shemeji miwani nimekujua). Tukafungua ukurasa mmoja nikakuta "Mzee wa baraza, mabati 2". Ni mimi. Nilisahau kabisa, wallahi. Na mkono wangu ukataka kugeuza ukurasa haraka kijana asione. Kwa hiyo sijifanyi malaika hapa, huo mkono naujua unavyokwenda. Nimelipa, na nimelipa kwa bei ya leo.

Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, hakulisalia mpaka swahaba mmoja aliposema deni hilo ni langu. Huyo ni maiti, hana mikono. Wewe una mikono na simu ya kutumia hela, na ikija kadi ya harusi ya dabo unatoa laki bila kuhema kwa sababu MC atasoma majina. Huu mji wetu umekuwa hivyo, tunalipa panaposomwa majina. Hela ya zile fulana peke yake ingerudisha mzigo wa saruji pale dukani.

Mengine kwa kifupi. Presha kapimeni, yeye alikuwa anasema ni uchovu. Wosia andikeni, RITA, ule wakala wa serikali, wanahifadhi. Namba ya siri ya simu mkeo aijue. Ukikopesha andika jina kamili la mtu na namba yake. Na nyie baba wadogo wa huyu kijana mliokuja kuulizia funguo kabla ya hitma, msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama, hateuliwi kwa kupiga kelele kwenye kikao cha ukoo.

Daftari liko kwangu barazani, kila siku baada ya alasiri mpaka magharibi, kijana anakuja na kitabu cha risiti. Anayeona haya apitie uani, bibi yenu hana maneno. Na wewe wa nondo 14, hata ukija na hela ya nondo mbili tutaikata, zibaki 12.

Mzee wenu wa baraza