Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: haidrojeni ya kijani na kemikali za milele

Ndugu wanachama, salaam. Mambo ya ada na vikao katibu na mweka hazina watayaeleza, mimi naenda moja kwa moja kwenye kilichotushughulisha mwaka huu, yaani PFAS, zile kemikali za milele zenye kaboni na florini, ndani ya mitambo yetu ya kutengeneza haidrojeni.

Wengi wanaamini ukishapata umeme wa jua au upepo na maji basi haidrojeni yako ni safi. Umeme sawa, ila fungua elektrolaiza ya PEM, yaani mtambo wa kupasua maji kwa umeme kupitia utando wa plastiki, uone, katikati kuna utando mwembamba kama karatasi ya nailoni, upande mmoja umepakwa iridiamu na wa pili platinamu, metali adimu na ghali, na utando wenyewe, Nafion na wenzake, ni PFAS. Umewekwa pale kwa sababu kaboni na florini zikishashikana kuziachanisha ni kazi kweli kweli, ndo maana unavumilia asidi na joto miaka mingi, na ndo maana hizo kemikali zikishaingia kwenye maji na udongo haziozi. Halafu utando unalika polepole mtambo ukiwa kazini, floraidi inapimika kwenye maji yanayotoka, na ukichakaa ukachomwa ili kuokoa iridiamu inatoka gesi ya haidrojeni floraidi ambayo ni sumu kali. Bado hujagusa uchafu wa kiwanda kinachoutengeneza.

Januari 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmaki, Norwe na Uswidi zilipendekeza Umoja wa Ulaya uzuie familia nzima ya PFAS. Baadhi yenu mnahofia hiyo itaua sekta, mimi siamini hivyo. Mitambo ya alkali, aina nyingine ya elektrolaiza, zamani ilitumia asbestosi kutenganisha gesi, ikaachwa, na leo inatumia diaframu ya zirkonia na polisalfoni isiyo na florini wala haihitaji iridiamu, ipo sokoni tayari. Ina shida zake, umeme ukishuka sana haidrojeni na oksijeni zinaanza kuchanganyika, na gasketi bado nyingi ni za PTFE (Teflon), ambayo nayo ni PFAS, kwahiyo hapo napo tuulize. Kwa PEM, tando za haidrokaboni zisizo na florini zinaleta matumaini, nazitaka sana, ila lazima zithibitishe kudumu maelfu ya saa kazini.

Mwaka ujao naomba kila mwanachama anayenunua mtambo aandike kwenye zabuni: utando na gasketi ni za nini, floraidi kwenye maji taka itapimwa na nani, na utando uliochakaa muuzaji ataurudisha wapi. Asiyejibu tusinunue kwake.