Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba): mikanda ya umeme kwa watoto wenye ADHD (tatizo la umakini na utulivu)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Juzi usiku mwanangu wa darasa la tano aliandika 46 + 37 = 73, akapiga mstari, akahamia swali linalofuata. Nikamgusa bega: "Tazama tena." Akacheka papo hapo. "Baba, nimesahau kubeba moja!" Hesabu anaijua. Anachokosa ni ule mshtuko unaotukamata wengine kalamu inapoteleza.

Mshtuko huo unapimika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, maabara za Ujerumani na Marekani zimeunasa kwa nyaya za kichwani: mtu akibonyeza kitufe kisicho sahihi, wimbi dogo la umeme hutokea ubongoni kabla hata ya sehemu ya kumi ya sekunde kwisha, kisha hufuata jingine, la kutambua kwamba amekosea. Kwa wenye ADHD, tafiti kadhaa zimeyakuta mawimbi hayo yamefifia, hasa hilo la pili. Nilipojua hivyo niliacha kumwita mwanangu mzembe. Shuleni bado wanamwita.

Sasa kuna kituo hapa mjini kinachouza dawa ya tatizo hilo: mkanda wa kichwani, sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, umeme wa miliampia 2, vipindi 20, malipo mbele. Nilipoomba ushahidi nilionyeshwa simu: Marekani wameruhusu tangu 2019!

Walichoruhusu ni kifaa kingine kabisa. Ni kiraka cha kubandika kwenye paji la uso usiku mtoto akiwa amelala, kinachochochea neva ya hisia za uso, kwa watoto wa miaka 7 hadi 12 wasiotumia dawa za ADHD. Jaribio lake lilikuwa la watoto 62, wiki 4. Sponji hazimo.

Tafiti za sponji ni hizi. London, wavulana 50 wenye ADHD walifanyiwa vipindi 15, wengine kwa umeme wa kweli, wengine wa danganya toto. Matokeo ya 2021: umeme wa kweli haukuleta nafuu zaidi. Brazil, 2022, watu wazima 64 walijivalisha mkanda nyumbani kwa wiki 4, na waliopata umeme wa kweli umakini wao ukaongezeka kuliko wenzao. Nimefurahi kwa ajili yao, ila mwanangu ana miaka 11. Ni kweli pia kwamba mwaka 2014 watafiti wa Marekani walilikuza lile wimbi la kosa kwa dakika 20 za umeme, lakini kwa watu wazima wasio na ADHD, tena maabara. Wimbi likipanda kwenye skrini, daftari la hesabu halijasahihishwa.

Ombi langu: kila kituo kibandike mlangoni, kwa Kiswahili, kama kifaa chake kimesajiliwa kwenu na kilijaribiwa kwa watu wa umri gani. Anayetaka kujaribu kwa watoto wetu aombe kibali cha utafiti, na mzazi asitozwe hata senti.

Pesa ya vipindi 20 bado ninayo mfukoni. Nimeambiwa ofa inaisha Ijumaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Tabata, Dar es Salaam