Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msingi wa Grinihausi Yetu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nimeulizwa swali moja kuliko yote: mbona grinihausi, yaani nyumba ya polithini ya kukuzia mimea, tuliyoinunua ikiwa imetumika ilikaa miezi miwili chini ya turubai kabla ya kusimama hapa Njoro? Mna haki ya jibu kamili.

Nguzo zake zilikuwa zimekatwa usawa wa ardhi. Sehemu iliyozama kwenye zege ilibaki shambani kwa aliyetuuzia, na paipu kadhaa zilikuwa zimeliwa na kutu pale chuma kinapokutana na udongo. Tulinunua mwili usio na miguu. Ilibidi fundi wa kuchomelea aunge vipande vipya, nguzo kwa nguzo.

Wengi wetu, nami nikiwemo, tulidhani kitu chepesi namna ile hakihitaji msingi wa maana. Wepesi huo ndio hatari yenyewe. Nyumba ya mawe huikandamiza ardhi; grinihausi hutaka kupaa. Upepo ukiingia mlangoni husukuma paa kutoka ndani, na unaopita juu hulivuta. Upepo wa huku wa Januari na Februari mnaujua, na udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka haushiki kitu. Ndiyo maana mashimo ya nguzo yana kina cha futi 2 na ni mapana chini kuliko juu. Kila paipu imechomelewa kipande cha chuma kwenye kitako, kama msalaba, isiweze kung'oka bila kubeba zege lote.

Kupima kulituchukua siku nzima. Kona za mraba tulizipata kwa kamba iliyofanya pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5. Kisha, kwa kuwa grinihausi ni mita 8 kwa 15, kila mshazari, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala, ulipaswa kuwa mita 17 kamili. Mara ya kwanza mmoja ulizidi kwa upana wa kiganja, tukang'oa vigingi vyote tukaanza upya. Kwa fremu iliyotumika hakuna njia nyingine: matundu ya bolti yalikwisha kutobolewa, hayafuati kosa la mpimaji. Usawa wa nguzo tuliupata kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kwa kuwa maji husimama kimo kimoja kwenye ncha zake mbili.

Zege lilikuwa karai 1 la saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Tuliliinua juu kidogo ya ardhi na kuliwekea mteremko, maji yasituame shinani mwa paipu. Kwa siku 7 akina mama wa zamu walilimwagilia asubuhi na jioni. Nawashukuru sana, maana hapo ndipo manung'uniko yalipozidi. Polithini tuliifunga asubuhi isiyo na upepo, kingo zake tukazifukia kwenye mtaro unaoizunguka grinihausi na kuzishindilia.

Msingi umemeza pesa kuliko tulivyopanga. Mweka hazina atawasomea hesabu. Miche ya nyanya nayo ilichelewa. Kwa hayo naomba radhi: nilipaswa kukagua nguzo kabla ya kulipa.

Mikutano yote ya mwaka ilifanyika, na kumbukumbu ziko kwa katibu.

Sasa tunahitaji watu wanne wa kukaza bolti na kukagua mtaro kila baada ya upepo mkali. Wenye nia waandikishe majina kwa katibu leo kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti